Bosi Alipokataa Kidole

Mama mwenzangu unayefuga, hata kama una ndama mmoja tu nyuma ya jiko, soma haya mpaka mwisho kisha mwite mtoto wako umsomee. Usimfiche kwa kuogopa atatishika. Heri atishike.

Kwetu ndama hanyonyi kwa mama yake zaidi ya siku za mwanzo. Akishapata dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, tunamtenga kwenye kizimba chake na kumfundisha ndoo. Ndama hajui ndoo. Ameumbwa anyonye akiwa ameinua shingo, na wewe unataka ainamishe kichwa anywe kama paka. Basi unachovya vidole viwili kwenye maziwa, unampa avinyonye, na polepole unashusha mkono hadi pua yake iguse maziwa. Atapiga chafya, atakurushia maziwa usoni, atakukanyaga. Mwishowe anaelewa. Ndivyo alivyonifundisha mama mkwe wangu, na binti yangu akawa fundi kutushinda sote. Ndama aliyetusumbua mimi na baba yake kutwa nzima, yeye anamnywesha huku anaimba.

Binti yangu tunamwita Wakili, kwa sababu hashindwi kesi. Ukimwambia akalale anauliza sheria hiyo imepitishwa lini. Ana miaka kumi na mmoja, na kucha zake anazitafuna mpaka anakula na nyama ya pembeni. Nilizipaka pilipili nikidhani ataacha. Akaniambia, "Asante mama, sasa zina ladha."

Wakati huo tulikuwa na ndama wawili, kila mmoja na kizimba chake, katikati ubao. Malkia alikuwa jike, na kwenye nyumba ya maziwa jike hana shida na mtu. Bosi alikuwa dume. Tulimwita Bosi kwa sababu tangu anazaliwa alikuwa anasukuma kila kitu kwa paji la uso: ndoo, mlango, magoti ya bibi. Mume wangu hakuwa na mpango naye. "Huyu anakunywa maziwa ya watu bure," alikuwa anasema. Wakili alimtetea kama kawaida yake, akashinda kama kawaida yake, na baba yake akatoa hukumu akiwa anacheka: "Haya, akae. Lakini siku nitakayoona ameacha kunywa, namwita mtu wa bucha siku hiyohiyo. Simlei mgonjwa asiye na faida."

Alikuwa anatania nusu. Mtoto hakusikia ile nusu ya utani.

Sasa niwaambie ninavyowaangalia ndama, maana ndiyo sababu naandika. Ndama hasemi, ila mwili wake haunyamazi. Ndama mzima akiinuka hujinyoosha kwanza, mgongo unabonyea, mguu wa nyuma anauvuta, ndipo akutazame. Asiyejinyoosha ana lake jambo. Masikio yakilegea kama majani yaliyokosa maji, mshike umsikie joto. Akisaga meno, tumbo linamuuma. Akimaliza maziwa akaanza kunyonya sikio la mwenzake, hana njaa, ni ile hamu ya kunyonya ambayo ndoo haikuimaliza. Na ndama yeyote mwenye afya ukimpa kidole anakidaka. Hata akiwa ameshiba. Hata akiwa amekununia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimetoka kukamua, nimebeba ndoo mbili, Wakili ameshaondoka na kopo la maziwa kupeleka kituo cha kukusanyia maziwa. Siku za nyuma yeye ndiye aliyekuwa akiwanywesha ndama jioni na asubuhi kabla ya shule, mimi nikimaliza mambo ya jikoni. Siku hiyo nikasema niwanyweshe mwenyewe.

Bosi alikuwa amelala. Aliponisikia akainuka, na hakujinyoosha. Akasimama anatazama ukuta. Si kwamba alikuwa anatazama kitu kwenye ukuta. Alikuwa ameuelekea tu, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Udenda ulikuwa unamtoka mdomoni, mrefu, kamba kwa kamba, mpaka kwenye miguu. Koo likawa linacheza juu na chini lakini hamezi. Nikamwita. Akageuka akafungua mdomo kulia, na sauti iliyotoka, mama mwenzangu, nywele zilinisimama. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, imekatika katikati, kama mtu aliyepiga kelele usiku kucha.

Nikaweka ndoo chini. Mkono wa chuma wa ndoo ukagonga ubavu wake, kling. Kasauti kadogo tu. Bosi akaruka kwenye mbao kwa kichwa, pwaa, akarudi nyuma, miguu ya nyuma ikayumba, akaja tena, pwaa. Damu ikamtoka puani. Haukuwa ule msukumo wake wa kudai maziwa. Yule hakutaka maziwa. Alitaka kuiua ndoo.

"Baba Wakili!" nikaita. "Njoo uone!"

Mume wangu akaja na mswaki mdomoni, na mama yake nyuma amejifunga kanga kifuani. Wakasimama. Bosi alikuwa ametulia tena, anayumbayumba, anadondosha udenda.

"Amekwamwa," mume wangu akasema. "Si unaona koo? Kuna kitu. Gunzi, au kipande cha kiazi. Nani amempa kiazi?"

"Mimi simo," bibi akasema. "Mimi meno sina, viazi vyangu nasaga. Huyo meno yanamtoka, ndiyo maana anatoa mate."

"Mama, meno yapi? Huyu anataka kufa hapa." Akatema povu la dawa ya meno, akatupa mswaki pembeni, akaanza kukunja mkono wa shati hadi kwenye bega. "Nishikieni kichwa. Naingiza mkono nakitoa. Nimeshafanya hivi kwa ng'ombe wa jirani, dakika moja tu."

Sikusoma udaktari. Nilimaliza darasa la saba nikaolewa. Lakini nimeshaona ndama aliyekwamwa, na ndama aliyekwamwa anakohoa, ananyoosha shingo, anakuja kwako. Anataka msaada. Huyu alitaka vita. Sikujua ni nini, nilijua tu kwamba sicho anachosema mume wangu.

"Usiingize mkono," nikasema.

"Mama Wakili, niachie."

"Nasema usiingize! Nampigia daktari wa mifugo kwanza. Akisema ingiza, utaingiza wote mpaka kwapani."

Akanikata jicho. Akafungua kamba ya mlango wa kizimba. Mimi si mtu wa kumgusa mume wangu mbele ya mama yake, lakini siku hiyo nilimshika ukosi wa shati nikamvuta mpaka kifungo kikaruka. Bibi akasema, "Makubwa haya!" Mume wangu akanitazama kama ananiona mara ya kwanza. Nadhani ni ule mshangao ndio uliomsimamisha. Nikafunga kamba mafundo mawili, nikachukua simu.

Daktari alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza kueleza ile sauti na ile ndoo, akasema taratibu, "Dada, fungeni kizimba vizuri. Mtu yeyote asimguse, hasa mdomoni. Mmenielewa? Mdomoni kabisa hapana. Nakuja sasa hivi. Na nikifika nitauliza ni nani aliyeshika mate yake siku hizi za karibuni, kwa hiyo anzeni kukumbuka."

"Ni nini, daktari?"

"Nikimuona nitakwambia."

Daktari anayesema hivyo ameshajua.

Nikawaeleza. Mume wangu akacheka kwa pua, lakini mkono wa shati akaushusha. Akajitazama viganja, vile vilivyochanwachanwa na majani anayowakatia ng'ombe, akavifuta kwenye suruali. "Mimi nimemfunga kamba jana tu," akasema. "Kamba ilikuwa imelowa. Basi. Kunywa anakunywa mwenyewe kwenye ndoo, ameshahitimu zamani. Hakuna mtu anayempa kidole siku hizi."

Nami nikajituliza kwa hilo. Ameshahitimu. Hakuna mtu anayempa kidole.

Maziwa yalikuwa yanapoa. Nikasema nimpe Malkia angalau, yeye hana kosa. Nikampelekea ndoo yake upande wake. Malkia kwa kawaida akiona ndoo hana adabu, anaweza kukuvunja kidole cha mguu. Siku hiyo alikuja polepole, akanusa, akalamba povu, akainua kichwa akanitazama. Akarudi kulala. Nikainama kumtazama. Tumbo lake upande wa kushoto lilikuwa limejaa, gumu kama ngoma. Na nyuma kwenye mkia kulikuwa na kinyesi chepesi, cha njano, kile cha ndama aliyenywa kupita kiasi.

Aliyenywa kupita kiasi. Kwa maziwa yapi? Kila ndama ana kipimo chake, napima mwenyewe.

Nilibaki nimechuchumaa pale kwenye majani, ubongo unakwenda mbio kuliko ambavyo miguu ingeweza. Malkia amenywa maziwa ya wawili. Si mara moja, tumbo halifiki hapo kwa mara moja. Basi Bosi hajanywa. Hajanywa jana, labda na juzi. Na aliyekuwa akiwanywesha jana na juzi ni mtu mmoja, na kila jioni alikuwa anarudi na ndoo mbili tupu, anaziinamisha nizione, anasema, "Amemaliza yote, mama! Baba, umesikia? Bosi amemaliza yote!"

Alikuwa anamwambia baba yake. Nilidhani ni majigambo tu.

Na mtoto ambaye ndama wake hataki ndoo atafanya nini kabla ya kuyamwaga maziwa kwa mwingine? Atachovya vidole.

Nikatoka pale nje kama nimechomwa. "Wakili yuko wapi?"

"Si umemtuma kituoni," bibi akasema. "Mwanangu, mbona umekuwa hivyo? Kaa chini."

"Mbona hajarudi?"

"Atakuwa anawashtaki wapima maziwa."

Sikuweza kucheka. Nikaenda hadi barabarani, nikarudi. Nikaenda tena. Aliyetokea kwanza alikuwa daktari kwenye pikipiki yake, na buti zake zimefungwa nyuma. Hakuingia kizimbani. Alisimama nje ya mbao akamtazama Bosi kwa muda mrefu, mikono mfukoni. Akamulika kwa tochi puani, na Bosi akajirusha kwenye ule mwanga. Daktari akaturudisha nyuma wote kwa mkono. Kisha akanionyesha kwa kidole kitu juu ya pua, chini ya manyoya: makovu mawili madogo yaliyokwishapona.

"Hilo tuliliona," mume wangu akasema. "Ni msumari kwenye ubao."

"Misumari miwili iliyopangana hivyo?" daktari akasema. "Hapana, kaka. Mbwa. Labda wiki nyingi zilizopita, amepita mbwa ameuma pua, ameondoka, hakuna aliyemuona. Nadhani kabisa huyu ana kichaa cha mbwa. Maabara itathibitisha, lakini mimi sitasubiri maabara kuwaambia cha kufanya. Ndama huyu haponi. Lazima alazwe leo, usingizi wa moja kwa moja, kwa sindano, na nyama yake hailiwi wala ngozi haichunwi. Sasa niambieni. Nani ameshika mdomo wake?"

Mlango wa ua ukalia. Tukageuka wote. Wakili alikuwa amesimama pale na kopo tupu la maziwa mkononi, kifuniko kinaning'inia kwa mnyororo wake. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Uso wake ulinionyesha alikuwa amesikia lile neno, alazwe.

Nikajaribu kuongea kwa upole. "Mama, njoo hapa. Jana na juzi ulimpa Bosi kidole?"

"Hapana."

"Wakili."

"Alikunywa mwenyewe! Amemaliza yote! Muulize Malkia!" Na vidole vya mkono usio na kopo vikaingia nyuma ya sketi.

"Mwanangu, hakuna atakayekupiga. Daktari anahitaji kujua tu."

"Nikisema hakunywa mtamuua. Baba alisema. Alisema siku hiyohiyo." Akalibana kopo kifuani. "Ni mafua tu. Nilimpa mafuta ya nazi. Ana mafua!"

"Umempa mafuta kwa kitu gani?" daktari akauliza. "Kwa kijiko?"

Hapo ndipo alipokimbia. Si kwenda nje. Alitupita mimi na daktari katikati, akakanyaga ubao wa chini, akaruka, na kabla sijapumua alikuwa ndani ya kizimba cha Bosi, amejibanza kwenye kona ya mbali, kopo kifuani.

"Msimguse!" akapiga kelele. "Ni wangu! Msimguse!"

Bosi akageuka.

Nataka ulione hili, mama mwenzangu, kwa sababu mimi naliona kila nikifumba macho. Kizimba chenyewe hakizidi hatua chache. Mlango uko huku kwetu, mtoto yuko kule, ndama katikati. Masikio yake yamesimama wima. Macho yametoka, weupe unaonekana pande zote. Udenda unaning'inia. Miguu ya nyuma inatetemeka lakini ya mbele imekaza. Na mwanangu anatetemeka pia, na kwa sababu anatetemeka, kile kifuniko cha kopo kinagonga, kling, kling, kling.

Mume wangu akaweka mguu ubaoni. Daktari akamnong'oneza, "Ukiruka sasa unamsukumia mtoto."

Kling.

Kichwa cha Bosi kikashuka.

"Wakili," nikasema, kwa sauti ile ninayomwamshia asubuhi. Sijui niliitoa wapi. "Nisikilize mama yako. Usiseme. Shika kifuniko kwa kiganja. Kibane kwenye kopo. Hivyo. Kibane kabisa."

Akakibana. Kukawa kimya. Bosi akabaki ameinamisha kichwa, anapumua kwa kukwaruza, kamba ya udenda ikagusa kiatu cha mwanangu.

"Usisogee. Wala usimtazame. Tazama ukuta."

Ndoo yangu ya asubuhi ilikuwa bado chini, pale nilipoiacha. Nikaichukua nikiwa nimeshika mkono wake usigonge. Nikatembea kwa vidole vya miguu kuzunguka nyuma ya banda hadi kona ya upande wa pili, iliyo mbali kabisa na mtoto, nikimfanyia mume wangu ishara aende kona ya Wakili. Akaelewa. Miaka yote ya ndoa hajawahi kunielewa haraka vile. Nilipomuona amefika na mikono iko juu ya ubao, nikaipiga ndoo kwa jiwe kwa nguvu zangu zote.

Bosi alikuja. Alikuja kwa kichwa, moja kwa moja kwenye mbao zilizokuwa mbele ya kifua changu, na ubao wa juu ukapasuka. Nikapiga tena. Akaja tena. Mate yakaruka yakaangukia ndoo na mikono yangu. Nilikuwa nasikia mtu analia kwa sauti na sikujua kuwa ni mimi. Nikapiga, akaja, nikapiga. Kisha nikamsikia mume wangu, "Ninaye! Ninaye!" na nilipoinua macho nikaona miguu ya Wakili ikipita juu ya ubao kama ya mtoto mchanga anayebebwa.

Nikatupa ndoo mbali. Nikakaa chini kwenye matope.

Daktari hakutupa nafasi ya kulia. "Bombani," akasema. "Sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Mikono mpaka viwiko, miguu, kila alipoguswa. Halafu hospitali. Leo. Si kesho."

Nikamwosha mwenyewe, kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Povu lilipofika kwenye kucha akapiga kelele na kuuvuta mkono. Sabuni ilikuwa inamchoma. Hapo ndipo nilipojua kwamba palikuwa wazi. Kila kidole, pembeni ya ukucha, nyama nyekundu.

"Sema sasa," nikamwambia. "Bosi tayari anakufa, mwanangu, useme usiseme. Siwezi kukudanganya. Anayesubiri ni wewe."

Akasema akiwa anatazama maji. "Alikuwa hataki ndoo. Nikampa vidole, hakunyonya. Aliacha mdomo wazi tu, na ulimi ulikuwa umelala. Nikamsukumia maziwa kwa mkono mpaka huku nyuma. Nikampaka mafuta kooni. Juzi na jana na leo alfajiri." Kisha akauliza, "Mama, alikuwa anaumwa au alikuwa amenichukia?"

"Alikuwa anaumwa."

Bibi alikuwa amesimama na taulo. "Jamani, si ameshaoshwa? Mtoto hata hajang'atwa kwa meno. Mnampeleka kuchomwa sindano za mbwa kwa mate ya ndama?"

"Mama yangu," daktari akamwambia, "mate yakiingia penye kidonda ni sawa na meno. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, hakuna daktari wa kumrudisha. Kabla ya dalili, sindano zinauzuia. Leo bado ni kabla."

Bibi akashusha taulo. Akaingia ndani akatoka na sweta ya Wakili, akamvalisha mwenyewe, ingawa jua lilikuwa kali.

Jirani alitupeleka kwa gari lake la mizigo. Kwenye zahanati muuguzi alituelewa mara moja, lakini alifungua friji mbele yetu na halikuwa na chanjo hiyo. Akapiga simu hospitali kubwa. Nilimtazama mdomo wake akiwa anaongea kama vile ninavyomtazama ndama mgonjwa, kila kinachosogea. "Ipo," akasema hatimaye. "Lakini mwende sasa, dirisha la dawa halikai wazi siku nzima." Njiani sikumbuki kitu isipokuwa mkono wa mtoto mapajani pangu, nimeushika kwenye kifundo nisiguse vidole, na kila gari lililotupunguzia mwendo nililitukana kimoyomoyo matusi ambayo sikujua ninayo.

Tulifika dirisha likiwa bado wazi. Daktari wa pale aliuliza maswali, akaosha tena vidole, akaandaa sindano. Ile ya chanjo ilikuwa ya begani. Nyingine akasema lazima aichome pembeni ya vidonda vyenyewe, kwenye vidole.

Wakili akaangalia sindano, akamwangalia daktari. "Nakata rufaa," akasema.

"Rufaa imetupwa," daktari akasema. "Shika mkono wa mama."

Alilia. Baba yake alichanjwa baada yake, kwa sababu ya ile kamba na viganja vyake, na mimi kwa sababu ya mate yaliyonirukia. Mume wangu mwenye mkono wa kuingia koo la ng'ombe alifumba macho kabla sindano haijatolewa kwenye karatasi. Wakili akaacha kulia ili amtazame vizuri.

Bosi alilazwa tukiwa hatupo. Maabara ilipojibu, jibu lilikuwa lile tulilolitegemea. Malkia ametengwa peke yake, hanyweshwi na mtoto tena, na maziwa yake anapata kwa chupa yenye chuchu ya mpira iliyofungwa kwenye ubao. Ndama wote sasa ni hivyo. Hakuna kidole cha mtu kinachoingia mdomoni mwa ndama kwenye ua huu, mzima wala mgonjwa.

Kwa hiyo nakwambia. Ndama akidondosha udenda na hamezi, usitafute gunzi kooni mwake. Akibadilika sauti, akishtushwa na kelele ndogo, akiwa mkali wakati jana alikuwa mpole, au mpole kupita kiasi wakati jana alikuwa mkorofi, funga mlango umwite mtaalamu. Ukishaguswa na mate, sabuni na maji, kisha hospitali, hata kama huoni jeraha. Na ukiwa na mtoto anayempenda ndama, usitamke mbele yake habari za bucha, hata kwa utani, maana ataficha ugonjwa ili kumwokoa.

Wakili amemaliza sindano zote. Daktari wa hospitali amesema niwe na amani. Nimemwambia asante, na amani sijaipata bado. Kila asubuhi nammiminia Wakili maji kwenye kikombe na kusimama pale mezani nikitazama koo lake kama linameza.

"Mama," akaniambia jana, kikombe kikiwa midomoni, "unanitazama kama unavyomtazama Malkia."

"Kunywa."

Akanywa. Akameza kwa makusudi, kwa sauti, akafungua mdomo wote nione. "Nimemeza. Ushahidi umetosha?"

"Kunywa tena," nikasema.

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakubisha. Akanywa tena.